Maswali ya Wasomaji: Kumpikia Mbwa Chakula cha Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu chakula cha mbwa kinachopikwa nyumbani. Daktari wetu wa mifugo amechagua nne kati yake na kuzijibu moja baada ya nyingine.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina mbwa jike wa miaka minne, amehasiwa, na uzito wake ni kilo 12. Miezi saba iliyopita aliharisha, nikashauriwa nimpe wali mweupe na kuku wa kuchemsha kwa siku chache. Alipona, lakini tangu hapo amesusa chakula cha pakiti, nami sikuona sababu ya kumlazimisha, kwa kuwa anakula hadi kulamba bakuli, manyoya yake yanang'aa na hajaugua tena. Shemeji yangu, ambaye naye anafuga mbwa, ananionya kwamba chakula hiki kitamuua. Mimi nashindwa kuelewa ni vipi chakula ninachokipika kwa mikono yangu, huku nikiona kila kinachoingia sufuriani, kiwe kibaya kuliko punje kavu nisizojua zimetengenezwa kwa vitu gani. Je, ninamdhuru?

JIBU: Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu wengi huuliza mbwa akiwa ameshaanza kuchechemea. Shemeji yako amekosea katika jambo moja na amepatia katika lingine. Amekosea kudhani kwamba chakula cha nyumbani ni kibaya kwa asili yake. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umebadilika kulingana na maisha hayo kiasi kwamba ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu ambaye mbwa alitokana naye, hivyo wali wako si sumu kwake. Amepatia, hata hivyo, katika hofu yake, kwa sababu wali na kuku peke yake ni chakula cha mgonjwa cha siku chache. Ulishauriwa vyema wakati ule. Ushauri huo haukukusudiwa kudumu miezi saba.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa hisia haziwezi kutuongoza. Nguvu ambayo mbwa huitumia akiwa amepumzika hupatikana kwa kuchukua uzito wake kwa kilo, kuupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70. Kwa mbwa wa kilo 12 jibu ni takriban kilokalori 450. Mbwa mzima aliyehasiwa na mwenye shughuli za kawaida huhitaji kama mara 1.6 ya kiasi hicho, yaani kilokalori 720 hivi kwa siku, ingawa mbwa wawili wenye uzito sawa wanaweza kutofautiana sana. Gramu 250 za kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi pamoja na gramu 240 za wali zinatosheleza kiwango hicho kikamilifu, na protini iliyomo ni nyingi kuliko anavyohitaji. Ndiyo maana mbwa wako anaonekana ameshiba na ana furaha, kwa sababu kwa upande wa nguvu na protini kwa kweli ameshiba.

Sasa tazama kalsiamu. Mbwa mzima mwenye ukubwa huo anahitaji takriban miligramu 900 kwa siku, ilhali kuku na wali niliowataja wana miligramu 60 hivi, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya kumi. Fosforasi iliyomo inakaribia miligramu 670, na uwiano huo ndio unaoleta balaa, kwa kuwa mwili wa mbwa unataka kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, au iizidi hadi kufikia maradufu, nasi hapa tumempa fosforasi inayoizidi kalsiamu zaidi ya mara kumi. Katika shingo ya mbwa kuna tezi ndogo nne ambazo kazi yake ni kuhakikisha kalsiamu haipungui kwenye damu, kwa sababu bila hiyo moyo na misuli havifanyi kazi. Kalsiamu isipopatikana katika bakuli, tezi hizo huamuru ichotwe mifupani. Hukopa leo, hukopa kesho, na kwa kuwa mkopo hulipwa kwa mfupa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa wakati taya linalegea na meno yanaanza kucheza. Manyoya yanayong'aa hayawezi kukueleza lolote kuhusu hali hiyo, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye kumpikia mbwa wake alielewe kabla ya mengine yote: dosari ya chakula cha aina hii haionekani katika bakuli wala katika hamu ya mbwa ya kula, na inapokuja kuonekana katika mwili huwa imeshafanya kazi kwa muda mrefu.

Kalsiamu si peke yake. Zinki iliyomo katika mlo wako ni kama robo hadi theluthi ya inayohitajika. Iodini, shaba, vitamini E na vitamini D karibu hazipo. Kuhusu vitamini D, watu hunijibu kwamba mbwa wao huota jua kutwa nzima, lakini ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini hiyo kwa kiasi cha kumtosha kama yetu inavyofanya, kwa hiyo lazima aipate mdomoni.

Usidhani kwamba ungekuwa salama kwa kutafuta tu mapishi yaliyoandikwa na wengine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyokusanywa kutoka vitabuni na kwenye mtandao, baadhi yake yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo. Asilimia 95 ya mapishi hayo yalipungukiwa angalau na kirutubishi kimoja cha lazima, na zaidi ya asilimia 80 yalipungukiwa na vingi. Kubadilisha mapishi kila wiki hakukuonekana kuwa tiba, kwa sababu mengi yalikuwa na mapengo yale yale.

Basi ufanye nini? Sikwambii uache kupika. Nakuomba uende kwa daktari wa mifugo aliyebobea katika lishe, au umwombe daktari wako awasiliane naye, ili akuandikie mlo wa mbwa wako mwenyewe kwa uzito, umri na afya yake, ukiwa na vipimo vya gramu. Mlo huo kwa kawaida utakuwa na nyama, wanga, mboga kidogo zilizopikwa kama karoti au boga, mafuta ya mimea, pengine samaki wenye mafuta na maini kidogo, na juu ya yote unga wa vitamini na madini uliotengenezwa mahsusi kwa mbwa wanaopikiwa nyumbani. Unga huo ndio watu huuacha kwanza, kwa kuwa hauna harufu ya kupendeza na mbwa haulilii, wakati kwa hakika ndio unaoziba mapengo yote niliyoyataja. Usiweke vidonge vya vitamini vya binadamu mahali pake. Vina viwango visivyomfaa, na vingine vimetiwa sukari mbadala ambayo ni sumu kwa mbwa.

Wakati unasubiri miadi, ziba angalau pengo kubwa. Osha maganda ya mayai, yakaushe katika oveni, kisha yasage mpaka yawe laini kama unga wa ngano, kwa sababu chembe kubwa zinaweza kupita tumboni bila kunyonywa. Nusu kijiko cha chai kwa siku, kikiwa kimesawazishwa juu, kitampa mbwa wako wa kilo 12 karibu kalsiamu yote aliyokuwa akiikosa, na kitarudisha uwiano wake na fosforasi mahali panapofaa. Hii inaziba pengo moja tu, kwa hiyo isikufanye uahirishe miadi. Mweleze daktari miezi yote saba bila kuficha, ili amkague taya, viungo na mwendo, na aamue kama kuna haja ya picha ya mifupa.

Nunua pia mizani ya jikoni. Kijiko cha kupakulia kinadanganya, na mkono wa mtu anayempenda mbwa wake unadanganya zaidi.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi, na wazazi wangu wameniruhusu kufuga mbwa wa miezi mitatu wa jamii kubwa. Nimesoma kwamba watoto wa mbwa wanahitaji nyama nyingi ili wakue, kwa hiyo nimepanga kumchemshia nyama ya kusaga kila siku. Je, nimchanganyie na maziwa pia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moyo wako ni mzuri, lakini nakusihi usianze. Kwa kila kilokalori 1,000 anazokula, mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu takriban gramu 3, kiasi kinachozidi mara mbili kile cha mbwa mzima, kwa sababu mifupa yake inajengwa kila siku. Nyama tupu haimpi karibu chochote. Kwa upande mwingine, mtoto wa mbwa wa jamii kubwa hudhurika pia kalsiamu ikizidi, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo utumbo wake haujui kuikataa ile ya ziada, na mifupa hukua ikiwa imepinda. Njia anayopaswa kupita ni nyembamba upande huu na upande huu.

Nimewahi kuletewa mtoto wa mbwa wa umri kama wa wako aliyekuwa amebebwa kwenye blanketi kwa sababu hakuweza kusimama. Katika picha, mifupa yake ilikuwa myembamba na hafifu kiasi kwamba haikutofautiana sana na nyama iliyoizunguka, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika bila yeye kuanguka popote. Mwenyewe alikuwa akimlisha nyama safi kila siku, na alilia aliponieleza jinsi alivyojinyima ili kuinunua. Sikuwa na neno la kumlaumu, kwa maana hakuna aliyemwambia. Wewe nakwambia.

Mpe chakula kamili kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wa jamii kubwa mpaka amalize kukua, jambo ambalo kwa jamii hizo linaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha mbwa wengi baada ya kuachishwa ziwa. Maji safi yanamtosha. Ukitaka kumpikia kitu kwa furaha yako, kipande kidogo cha yai la kuchemsha au cha kuku asiye na chumvi wakati unamfundisha kuketi hakina madhara, mradi vyote vya namna hiyo kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

SWALI: Daktari, nyumbani kwetu hatumpikii mbwa peke yake, bali tunampa kilichobaki mezani, na ni mbwa mwenye nguvu. Tunaondoa vipande vya vitunguu kabla ya kumpa. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kilicho na madhara katika kitunguu huingia kwenye mchuzi, na hakiharibiwi na moto, kukaushwa wala kusagwa, kwa hiyo kukiondoa kipande na kubakiza mchuzi ni kama kutoa jani la chai kikombeni na kusema kwamba chai imetoka. Vitunguu maji, vitunguu saumu na jamii yake yote hushambulia chembechembe nyekundu za damu mpaka zikapasuka. Kwa mbwa, gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta mabadiliko makubwa katika damu. Kwa mbwa wa kilo 10 hicho ni kitunguu kimoja kikubwa. Dalili huchelewa siku kadhaa, naye huonekana mchovu, ufizi ukapauka na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena mlo uliosababisha. Kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku nacho hujilimbikiza. Chukua tahadhari hiyo hiyo kwa vibonge na unga wa kukolezea mchuzi, ambao karibu wote una vitunguu na chumvi nyingi.

Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo, na hakuna kiasi chake kinachoweza kuitwa salama. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Zailitoli, ile sukari mbadala iliyo katika peremende, bigijii na baadhi ya siagi za karanga, hushusha sukari ya damu ya mbwa, mara nyingi ndani ya saa moja, na inaweza kuharibu ini. Mbwa akiila, nenda kwa daktari papo hapo bila kusubiri dalili. Unga mbichi uliotiwa hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Ninachokiona mara nyingi zaidi kuliko sumu hizo, hata hivyo, ni mafuta. Baada ya karamu, ngozi ya kuku na mafuta ya nyama yaliyokatwa pembeni humwagwa katika bakuli la mbwa kama zawadi, na siku inayofuata kongosho lake linavimba, anatapika, anainama mgongo kwa maumivu, na wengine hawaponi. Mfupa uliopikwa hupasuka kwa ncha kali zinazoweza kutoboa utumbo. Ikiwa mnataka mbwa wenu ale pamoja nanyi, mtengeeni nyama, wanga na mboga kabla ya kutia viungo, na yaliyo katika jibu langu la kwanza kuhusu kalsiamu na unga wa madini yanawahusu ninyi pia.

SWALI: Ndugu daktari, nimeambiwa kwamba kupika kunaharibu virutubishi, na kwamba afadhali nimpe mbwa nyama na viungo vya ndani vikiwa vibichi, kama mababu zake walivyokula porini. Kama sivyo, nielekeze jinsi ya kupika chakula cha siku kadhaa kwa pamoja, kwa maana kazi zangu haziniruhusu kupika kila siku.

JIBU: Ndugu msomaji, kupika kunapunguza baadhi ya vitamini, nalo ni jambo ambalo mlo ulioandikwa vizuri huwa umeshalifidia. Katika mengine moto ni rafiki wa mbwa: huondoa nguvu ya kitu kilichomo katika ute mweupe wa yai kinachofunga biotini, mojawapo ya vitamini, husaidia wanga kusagika, na huua bakteria kama Salmonela, ambao mbwa anaweza kuwabeba na kuwatoa katika kinyesi na mate bila yeye kuugua, huku wakimfikia mtoto anayecheza naye.

Kuhusu viungo vya ndani vibichi nasema kwa msisitizo zaidi. Kuna tegu mdogo aitwaye Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye huishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji ambamo viluwiluwi vyake hukaa. Mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya, na binadamu akiyameza kwa mikono au mboga isiyooshwa, kifuko kama kile hujengeka katika ini au mapafu yake, kikikua taratibu kwa miaka hadi kuhitaji upasuaji. Yote hayo yangezuiwa na sufuria ya maji yanayochemka. Pika viungo vyote vya ndani mpaka viive kabisa, na usizidishe maini hata yakiwa yamepikwa, kwa kuwa vitamini A iliyomo hurundikana mwilini. Maini yasizidi kipimo kilichoandikwa katika mlo wako.

Sasa kuhusu kupika kwa wingi. Pima kila kitu kwa mizani, kiwe kibichi au kilichopikwa kulingana na mlo ulivyoelekeza, maana gramu 100 za mchele mkavu na gramu 100 za wali ni vitu viwili tofauti kabisa. Pika nyama bila chumvi isipokuwa ile iliyomo katika vipimo, na usimwage maji yake, bali yachanganye na wali. Saga mboga au ziponde, kwa kuwa mbwa humeza zaidi ya kutafuna. Koroga vyote mpaka visitenganike, la sivyo atachagua nyama na kuacha mengine, nawe utakuwa umepima bure. Unga wa madini na vitamini utie chakula kikiwa kimepoa, siku ya kukila, kwa sababu baadhi ya vitamini haziwezi kustahimili joto. Gawa sehemu za siku moja moja, ziingize kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita tangu zilipoiva, zile za siku tatu zibaki hapo na zilizosalia zigandishwe. Unapopasha, koroga na ujaribu kwa kidole, kwa sababu sehemu moja huweza kuwa ya moto wakati nyingine ikiwa vuguvugu.

Mhamishe taratibu kutoka chakula chake cha sasa, ukianza na robo ya kile kipya na kuongeza kwa muda wa siku saba hadi kumi. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma na usubiri. Mpime uzito kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, na katikati ya vipimo tumia viganja vyako: weka vidole kwenye mbavu zake bila kubonyeza, na unapaswa kuzihisi moja moja chini ya ngozi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa mkono wako uliofunguliwa. Zikipotea, punguza chakula chote kwa sehemu moja ya kumi, ila unga wa madini ubaki kwa kipimo kilekile mpaka umwone daktari.